Hunywa au Anakunywa

Lugha ya Kiingereza humlazimisha msemaji kuchagua. Akitaka kueleza habari ya mtu mwenye kikombe mkononi, hawezi kutaja kunywa kwake katika wakati uliopo bila ya kushika moja ya njia mbili. Aweza kusema "He is drinking," na hapo atakuwa ameeleza jambo lililo mbele ya macho yake: kikombe, mdomo, na koo linalomeza. Aweza pia kusema "He drinks," na hapo atakuwa ameacha kikombe na kumshika mtu. Maneno haya mawili hayasemi kwamba mtu yule yuko katika kunywa sasa hivi. Yamkini amelala, au yuko safarini, au yuko ibadani. Yasema kwamba kunywa ni desturi yake. Na katika masikio ya Waingereza, kitenzi hiki kisipotajiwa kinywaji chake, yasema na zaidi ya hayo: kwamba mtu huyo amezidiwa na pombe.

Shuleni tofauti hii hufundishwa kama kanuni ya sarufi na basi. Wanafunzi waambiwa kuwa namna moja ni ya desturi na ya kweli za siku zote, kama kuchomoza kwa jua upande wa mashariki, na namna ya pili ni ya tendo linaloendelea wakati wa kusema. Kisha wapewa sentensi kumi zenye nafasi wazi wazijaze, na mambo hukomea hapo. Ni hasara, maana ndani ya kanuni hii ndogo limejificha swali ambalo watu wazima hulijibu kila siku bila ya kujua kwamba wameulizwa: ni lini tendo la mtu lageuka kuwa sifa yake, na ni nani mwenye haki ya kuligeuza?

Kiswahili hakikosi vyombo vya kazi hii. Kina -na-, kina -a-, na kina hu-. E. O. Ashton, katika sarufi yake iliyotoka mwaka 1944, alitenga -a- na -na- kwa uangalifu: ya kwanza haifungi tendo na saa maalumu, ya pili yalifunga. Mtu wa pwani aliyelelewa na lugha hii husikia tofauti hiyo bila ya kufundishwa. Walakini katika vinywa vya watu wengi wa leo, na hasa wa bara, -a- imerudi nyuma. Yaonekana katika mashairi, katika methali, katika maandishi ya adabu, na katika vichwa vya habari vya magazeti, ambako waziri "awasili" hata kama aliwasili jana na amekwisha kuondoka. Kazi zake nyingine zimechukuliwa na -na-. Kwa hiyo "anakunywa" limekuwa neno lenye mabega mawili, na kila bega limebeba mzigo wake. Mtu akiulizwa "Juma yuko wapi?" akajibu "Yuko ndani, anakunywa chai," ametaja tendo. Mtu akiulizwa "Juma ni mtu wa namna gani?" akajibu "Ni mtu mzuri, lakini anakunywa," ametoa hukumu. Neno ni lile lile.

Yabaki hu-, ambayo haina mashaka. "Hunywa" ni desturi tupu. Hapa lugha imefanya jambo la ajabu, ambalo wasemaji wake hawalioni kwa sababu ya kulizoea. Viambishi vingine vya wakati huishi pamoja na kiambishi cha nafsi: ninakunywa, unakunywa, anakunywa. Kiambishi hu- hakikubali mwenzake. Mimi hunywa, wewe hunywa, wao hunywa. Na jina likiondolewa mwanzoni mwa sentensi, "hunywa" haisemi tena ni nani. Desturi imemeza mtu. Si vema kujenga falsafa nzima juu ya silabi moja, na wale wanaodai kwamba sarufi ya taifa ni picha ya roho ya taifa wamekwisha kusema mengi yasiyo na ushahidi. Hata hivyo mfano huu wafaa kukumbukwa. Aambiwaye "huyu huiba" hamwoni tena mtu aliyeingia dukani siku fulani, kwa njaa fulani, kwa ushawishi wa rafiki fulani. Aona wizi wenye miguu.

Katika kukanusha, mambo ni mazito zaidi. Kiingereza chatenga hata hapo: "He isn't drinking" si "He doesn't drink." Kiswahili hukusanya namna zote tatu katika kapu moja. Anakunywa, anywa, hunywa: kanusho lake ni "hanywi." Aliyekataa glasi ya bia usiku wa leo kwa kuwa ana homa, na yule ambaye pombe haijapata kupita kooni mwake tangu kuzaliwa, wote wawili "hawanywi." Vivyo hivyo kwa jambo zito kuliko pombe. Mtu akisema juu ya jirani yake "haswali," yawezekana kuwa amesema tu kwamba wakati huu jirani yuko shambani na si juu ya mkeka; na yawezekana kuwa amemtoa katika jamaa ya waumini. Wasemaji hujiokoa kwa kuongeza maneno: "huwa haswali," "haswali kabisa," "leo haswali, ana udhuru." Lakini kuongeza ni hiari, na mwenye chuki au mwenye haraka haongezi. Hapa ndipo ilipo tofauti ya lugha hizi mbili kwa upande wa maadili. Mwingereza analazimishwa na sarufi kuonyesha kama ametaja tendo au ametaja tabia. Mswahili ameachiwa jambo hilo katika dhamiri yake.

Iko mahali pamoja ambapo lugha hizi mbili zilikutana kila siku juu ya shingo za watu, na mahali hapo ni mahakamani. Katika Tanzania mahakama za mwanzo zimeendeshwa kwa Kiswahili tangu miaka ya 1960. Lakini katika mahakama zilizo juu yake, kwa miongo mingi, shahidi alisema kwa Kiswahili na hakimu akaandika kwa Kiingereza kwa mkono wake mwenyewe, huku akisikiliza. Mwaka 2021 sheria ilibadilishwa, Kiswahili kikafanywa lugha ya mahakama. Kabla ya hapo kila "ana-" iliyotoka kinywani mwa shahidi ilipaswa kuvushwa mto na kutua upande mmoja au wa pili.

Tuseme basi limepinduka, na dereva wake yuko kizimbani. Shahidi ni mwanamke muuza maandazi pale stendi. Aulizwa ajua nini juu ya dereva, naye ajibu: "Namjua, anakunywa huyu." Kalamu ya hakimu haiwezi kungoja. Ikiandika "He drinks," shahidi amesema kwamba dereva ni mnywaji. Ikiandika kwamba alikuwa katika kunywa, shahidi amesema jambo jingine kabisa, yaani kwamba aliiona chupa asubuhi ile kabla ya safari. Hata shahidi akirudi nyuma katika wakati uliopita akasema "alikuwa anakunywa," fumbo halijafumbuliwa, kwa maana maneno hayo pia yafaa kwa asubuhi moja na kwa miaka kumi. Hakimu mwema atasimamisha kalamu na kuuliza: "Ulimwona wewe mwenyewe? Siku gani? Saa ngapi?" Hakimu aliyechoka, mwenye mashauri mengine yakimngoja, ataandika lile lililo jepesi. Na jaji wa rufani, ambaye hakumwona shahidi wala kuisikia sauti yake, atasoma yaliyoandikwa. Dereva aweza kufungwa kwa sababu ya uchaguzi ambao shahidi hakuufanya.

Sheria yenyewe yaijua hatari hii, na imeiwekea boma. Katika shauri la Makin, lililotoka Australia na kuripotiwa mwaka 1894, mume na mke walishtakiwa kwa kumwua mtoto mchanga waliyepewa walee, na maiti za watoto wengine zikafukuliwa katika nyumba walizokaa. Privy Council huko London, ambayo baadaye ilikuwa pia mlango wa mwisho wa rufani kwa nchi za Afrika Mashariki katika ukoloni, iliweka msingi kwamba upande wa mashtaka hauna ruhusa kuleta maovu mengine ya mshtakiwa ili tu watu waseme: huyu ni mtu wa namna ile, basi na hili amelifanya. Rufani ya Makin haikufaulu, kwa kuwa maiti zile nyingi zilikanusha dai la ajali. Lakini msingi ulibaki. Sheria ya Ushahidi ya Tanzania ya mwaka 1967 imeshika njia hiyo hiyo, kwa kurithi Sheria ya Ushahidi ya India ya mwaka 1872: sifa mbaya ya mshtakiwa, kwa kawaida, si hoja juu yake, mpaka yeye mwenyewe awe amekwisha kujisifu. Kwa maneno ya sarufi, "huiba" haithibitishi "aliiba." Mwizi wa miaka ishirini aweza kuwa nyumbani kwake amelala usiku ule duka lilipovunjwa. Watu wa mtaani huona kanuni hii kuwa ni upumbavu wa wanasheria. Yamkini ndiyo hekima kubwa kuliko zote walizonazo.

Asije msomaji akadhani kwamba Waingereza walizaliwa na mizani hii mikononi. Katika siku za Shakespeare namna zote mbili zilitumika kwa tendo lililo mbele ya macho. Katika tamthilia ya Hamlet, iliyotungwa karibu na mwaka 1600, mzee Polonius amkuta mwana wa mfalme na kitabu mkononi, na amwuliza asoma nini kwa namna ile ambayo leo ni ya desturi. Mwingereza wa sasa angeuliza kwa namna ya kuendelea. Sheria ya lazima ilijengeka polepole katika karne zilizofuata. Hata mwaka 1870 mwandishi wa Kimarekani Richard Grant White aliitumia nguvu yake yote kuipinga namna ya kusema kwamba nyumba iko katika kujengwa, akiiona kuwa ni uharibifu wa lugha. Leo hakuna asiyeisema. Na ilipokuwa tofauti hii imekwisha kukomaa katika lugha yao, Waingereza waliandika juu ya watu wa nchi walizozitawala vitabu vizima kwa wakati wa desturi: Mwafrika hufanya hivi, Mhindi hupenda vile. Sarufi ilikuwapo, uadilifu haukuja nayo. Chombo kizuri cha kupimia hakimzuii mchuuzi kupunja.

Kipo chombo kimoja cha Kiingereza, hata hivyo, ambacho ni kizuri kupita vingine, na wanafunzi wachache hufika kukijua. Mwingereza aweza kusema juu ya mwanawe "He is foolish," yaani ni mjinga. Na aweza kusema "He is being foolish," yaani yumo katika ujinga kwa sasa, ameuvaa kama mtu avaavyo koti, na atauvua. Namna hii ya pili ilikuwa adimu sana kabla ya karne ya 19. Ni huruma iliyoingizwa ndani ya kitenzi. Wazazi na walimu Waswahili wana njia yao ya kufika pale pale: "Usifanye ujinga" si sawa na "Wewe mjinga." La kwanza lamwachia mtoto mlango wa kutokea, la pili laufunga na kuondoka na ufunguo. Mtoto aambiwaye la pili kila siku huenda akaamua kukaa ndani.

Sasa lije swali la hesabu. Ikiwa kunywa mara moja hakumfanyi mtu kuwa mnywaji, ni mara ngapi zamfanya? Mara tatu? Thelathini? Hakuna mwenye idadi. Aristotle alifundisha kwamba tabia huzaliwa na matendo: mtu huwa mwadilifu kwa kutenda uadilifu, kama mwashi awavyo mwashi kwa kujenga. Lakini hakusema ni jiwe la ngapi linalompa mwashi jina lake. Gilbert Ryle, katika kitabu chake cha mwaka 1949 juu ya akili, alionyesha kwamba maneno ya desturi hayataji tukio lolote. Kusema kwamba mtu ni mvutaji wa sigara si kusema kwamba ana sigara mdomoni. Ni kusema jambo juu ya yale atakayoyafanya akipata nafasi. Kama ni hivyo, kila "huiba" ina ndani yake utabiri. Asemaye "huyu huiba" asema kimya kimya "na ataiba." Amesimama mahali pa kuona mbele, mahali ambapo watu wengi wakiulizwa waziwazi wangekataa kusimama.

Lakini zipo nyakati ambapo kukataa kusema "huiba" ni woga uliovaa kanzu ya huruma. Chukua mtunza fedha wa chama cha ushirika. Mwaka wa kwanza hesabu zapungua, wazee wasema amepitiwa. Mwaka wa pili zapungua, wazee wasema ana watoto wengi, tumsamehe. Mwaka wa tatu ni vivyo hivyo. Kila upungufu wahesabiwa peke yake, kama kwamba ndio wa kwanza duniani, na wakulima ambao kahawa yao ilipimwa hawakulipwa. Wazee wale wamejizuia kuvuka kutoka tendo hadi tabia, nao wajiona wema. Gharama ya wema wao imelipwa na wengine. Aliyeibiwa mara tatu ana haki ya kuambiwa ukweli kwa wakati wa desturi, tena kabla ya mavuno ya nne. Kwa hiyo lawama haiko katika kuvuka mpaka. Iko katika kuvuka bila ya mizigo inayostahili kubebwa: kuona kwa macho, kuona zaidi ya mara moja, na kuwa tayari kuyasema mbele ya mtu mwenyewe.

Na mizigo hiyo ndiyo isiyobebwa kabisa pale sentensi inapoacha mtu mmoja na kushika kundi. "Mbu hueneza malaria." Sentensi hii ni kweli, na hakuna daktari atakayeikataa. Walakini ni mbu jike tu anayeuma, tena wa jamii ya anofelesi, tena aliyekwisha kuambukizwa. Mbu walio wengi hawaenezi malaria hata kidogo. Sarah-Jane Leslie, mwanafalsafa aliyeandika juu ya jambo hili mwaka 2008, alieleza kwamba akili ya binadamu hukubali sentensi za namna hii kwa mifano michache sana ikiwa jambo lenyewe ni la hatari au la kutisha. Hofu haihesabu. Juu ya mbu, hilo ni jema: afungaye chandarua hana haja ya kumpima kila mbu. Lakini akili ile ile, kwa sarufi ile ile, husema "vijana wa mtaa ule huiba," "watu wa kabila lile ni wauaji," "wageni huleta maradhi." Kijana mmoja ameonekana, au wawili, na hofu imewazidisha kuwa mtaa. Mbu hasikii asemwavyo wala habadiliki kwa kusemwa. Kijana husikia. Akiomba kazi hunyimwa kwa ajili ya mtaa wake, na akikosa chakula huenda akafanya lile aliloambiwa kwamba hulifanya; hapo wasemaji watasema: "Tulijua."

Limebaki upande wa mtu anayejisema mwenyewe, na huku ndiko mambo yalikojikunja zaidi. Mtu aliyekuwa akinywa kwa miaka kumi na mitano ameamka asubuhi na kuazimia kuacha. Jioni rafiki zake wamemletea chupa, naye asema: "Sinywi." Je, amesema uongo? Akipimwa kwa desturi, amesema uongo ulio dhahiri, kwa kuwa desturi yake ya miaka kumi na mitano ni kinyume cha neno lake, na desturi mpya haina hata siku moja. Akipimwa kwa tendo, amesema kweli nyembamba isiyo na thamani: hanywi kwa dakika hii. Rafiki zake watamcheka kwa kipimo cha kwanza, na atajidanganya mwenyewe akijipima kwa cha pili. Wala vipimo hivyo viwili havifiki pale alipo.

J. L. Austin, katika mihadhara aliyoitoa Harvard mwaka 1955, iliyochapwa kitabu mwaka 1962 baada ya kufa kwake, alionyesha kwamba yako maneno ambayo hayaelezi tendo bali ndiyo tendo. Mwingereza anenapo "I promise," haelezi ahadi, ameitoa. Na yafaa kuangalia kwamba ahadi hiyo huja katika wakati wa desturi, ingawa haina desturi yoyote ndani yake. Akiigeuza iwe ya kuendelea, "I am promising," ahadi yavunjika, yabaki maelezo. Mswahili huapa kwa -a-: "Naapa." Na katika ndoa ya Kiislamu, bwana arusi hukubali kwa -me-: "Nimekubali." Haelezi jambo lililopita, neno lenyewe ndilo linalofunga. Lile "sinywi" la jioni ya kwanza ni la ukoo huo. Lina sura ya habari na kazi ya kiapo. Ukweli wake hautafutwi nyuma, katika miaka kumi na mitano, bali mbele, katika jioni zitakazofuata. Na kila jioni atakayoishinda yarudi kulikomboa neno lile la kwanza kidogo kidogo.

Wako walioshika njia iliyo kinyume kabisa, wala si watu wa kudharauliwa. Chama cha Alcoholics Anonymous kilianzishwa mwaka 1935 katika mji wa Akron, Ohio, Marekani, na desturi yake ni kwamba mwanachama akisimama kusema hujitaja kuwa ni mlevi. Asema hivyo hata ikiwa hajaonja pombe kwa miaka ishirini. Tendo limekwisha zamani, jina amelishika kwa hiari yake. Kwa kipimo cha matendo asema uongo. Kwa kipimo chake mwenyewe asema kweli inayomlinda, kwa kuwa siku atakayoanza kusema "nilikuwa" ndiyo siku atakayodhani kwamba glasi moja haidhuru. Kuna tofauti kubwa, basi, kati ya jina baya ambalo mtu amejivika ili ajilinde na jina lile lile akivikwa na jirani zake ili wajilinde naye. Herufi ni zile zile, ila mkono ulioziandika ni mwingine. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1974 juu ya wakosaji waliojirekebisha yaelekea kuijua tofauti hii: baada ya muda uliowekwa, hukumu fulani huhesabiwa kuwa zimekwisha, na mtu hutendewa kama ambaye hakuhukumiwa. Mwenyewe aweza kukumbuka maisha yake yote akipenda. Wengine wamewekewa mwisho wa kukumbuka.

Katika miji ya pwani mambo haya hufika kilele wakati wa posa. Kijana amepeleka posa, na kabla ya jibu kutolewa jamaa ya binti humtuma mtu kupeleleza. Kusema aibu za mtu asiyekuwapo ni kusengenya, na kusengenya ni haramu; lakini Imamu Nawawi, mwanachuoni wa Sham aliyefariki mwaka 1277, alitaja sababu sita zinazoruhusu, na mojawapo ni kumshauri aulizaye kwa ajili ya ndoa. Jirani aliyeulizwa, basi, hawezi kukimbilia kunyamaza. Binti ana haki yake, na kijana ana haki yake, na zote mbili zimewekwa juu ya ulimi mmoja.

Ami wa binti amekaa barazani, kahawa imemiminwa, naye auliza kwa sauti ya chini: "Ndugu yangu, kijana huyu anakunywa?"

Jirani alimwona mara moja. Akijibu "anakunywa," amempa ami kitu kikubwa kuliko alichokiona. Akijibu "hanywi," amemnyang'anya alichokiona. Lugha imemwekea kiambishi kingine, kilicho kidogo na kisichojivuna, ambacho hakina nguvu peke yake na hutegemea kitenzi cha aliyeshuhudia.

"Nilimwona akinywa," asema, "usiku mmoja, mwaka juzi, katika arusi ya ndugu yake. Tangu siku ile sikumwona tena, na nyumba zetu zimeshikana ukuta."

Ami hakuridhika. Atakwenda kuulizwa nyumbani na wanawake, nao hawatataka hadithi ya arusi ya mwaka juzi. Watataka neno moja. "Basi niwaambieje? Anakunywa au hanywi?"

Jirani amwongezea kahawa, na amwambia tena yale yale: usiku mmoja, mwaka juzi, arusini, na ukuta uliowagawa.